Vidonge vya kila siku au sindano ya mwezi? Ulinganisho kwa anayemuuguza ndugu mwenye skizofrenia

Mgonjwa wa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, akiruhusiwa wodini, familia huondoka na kadi ya kliniki, tarehe ya kurudi na mfuko wa dawa. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba matibabu ya nyumbani yana njia mbili. Ya kwanza ni vidonge vya kila siku. Ya pili ni sindano ya dawa za jamii ileile, inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, halafu dawa inaingia kwenye damu kidogokidogo mpaka tarehe ya sindano nyingine. Familia ina haki ya kuuliza ipi inawafaa, na mgonjwa mwenyewe ana haki hiyo kuliko wote.

Nianze na jibu langu. Anayekunywa dawa mwenyewe bila kusukumwa, anayejua kwa nini anainywa, au ambaye dozi yake bado inapandishwa na kushushwa, abaki kwenye vidonge. Aliyelazwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya kuacha dawa, au ambaye kidonge cha jioni kinazua ugomvi nyumbani kila siku, azungumze na kliniki kuhusu sindano mapema, asingoje alazwe tena. Na kama kituo chenu hakina uhakika wa kuwa na sindano hiyo mwezi baada ya mwezi, hoja karibu zote za kuitetea zinapungua nguvu.

Si ile sindano ya kutuliza

Ukitaja sindano, ndugu wengi wanakumbuka ile ya siku ya kulazwa: watu wanne wamemshika, kachomwa klopromazini au haloperidoli ya haraka, pengine na diazepamu, akalala mpaka kesho yake. Hiyo ni ya dharura na kazi yake ni ya saa kadhaa tu. Sindano ya mwezi ni kitu kingine kabisa. Haimtulizi mtu aliyechachamaa, na ukimchoma leo hutaona tofauti yoyote jioni. Ni dozi ya kawaida ya kinga, ila badala ya kugawanywa kwenye vidonge thelathini imewekwa msulini kwa mara moja.

Wagonjwa nao wanaikataa kwa sababu hiyohiyo: kwao sindano ni adhabu. Kwa hiyo mazungumzo yakifanyika siku mgonjwa ametulia, amekaa kwenye benchi la kliniki na fahamu zake zote, yanakwenda vizuri kuliko yakifanyika siku ya purukushani.

Zinazopatikana zaidi katika kliniki zetu ni flufenazini dekanoeti, ambayo wauguzi wa zamani wanaiita Modecate, na haloperidoli dekanoeti. Neno dekanoeti linaonyesha kwamba dawa imetengenezwa itoke msulini polepole. Zote mbili huja zimeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta, kwa hiyo mwenye mzio wa ufuta aseme mapema. Mafuta ni mazito. Muuguzi anayeijua kazi yake huchagua sindano nene kiasi, huvuta ngozi ya tako pembeni kwa kidole, huchoma hadi ndani ya msuli, husukuma polepole, husubiri kama sekunde kumi, kisha huchomoa ndipo aiachie ngozi irudi mahali pake. Tundu la juu na la chini hayalingani tena, na mafuta hayachuruziki kutoka nje. Pakishachomwa hapasuguliwi. Dozi ya kwanza ya flufenazini kwa kawaida huwa ya kujaribia tu, nusu ya ampuli ya miligramu 25.

Uzuri wa vidonge, na kasoro yake moja kubwa

Vidonge vinarekebishika. Haloperidoli ikimpinda mtu shingo au macho yakapanda juu yakagoma kushuka, anapewa dawa ya kulegeza misuli, dozi inapunguzwa, na ndani ya siku chache mambo yanakuwa shwari. Sindano ikishaingia msulini haitolewi. Dhara lililokuja nayo mtaishi nalo kwa wiki kadhaa huku mkilipunguza makali. Ndiyo maana utaratibu mzuri ni kumjaribu mtu kwanza kwa vidonge vya dawa ileile. Mwili ukiikubali, ndipo sindano ifikiriwe. Kliniki inayotaka kuanza na sindano kwa mtu ambaye hajawahi kuionja dawa hiyo, iulizwe kwa upole kuna haraka gani.

Kasoro ya vidonge ni kwamba hakuna anayejua kwa hakika kama vimemezwa. Daktari hajui, mama hajui. Kwenye utafiti mmoja mdogo wa Marekani watafiti waliweka kwenye chupa za dawa vifuniko vinavyorekodi kila vinapofunguliwa. Madaktari waliowatibu wagonjwa hao waliamini wote wanakunywa vizuri. Vifuniko vilionyesha karibu nusu hawakuwa wakinywa inavyotakiwa. Na si uongo wala ukaidi kila mara. Mtu anasahau, dawa imeisha na duka la karibu halina, mikono inatetemeka anaona haya kazini, au anajisikia amepona na haoni sababu ya kuendelea.

Familia nyingi zikifika hapo huanza kusaga kidonge na kukichanganya kwenye uji. Nawaelewa, lakini siwashauri. Siku akigundua, na atagundua, hatakula tena kilichopikwa nyumbani, na mgonjwa ambaye tayari anahisi watu wanamwekea sumu mtakuwa mmempa ushahidi.

Sindano haimlazimishi mtu kutumia dawa. Anaweza kutotokea kliniki. Faida yake ni kwamba asipotokea, inajulikana siku hiyohiyo, na dawa ya mwezi uliopita bado imo mwilini. Mna siku kadhaa za kumfuata na kuzungumza naye. Aliyeacha vidonge hugundulika wakati ameshaanza kuongea na ukuta.

Tafiti zinavyovutana

Hapa ndipo pananogea, kwa sababu ukisoma utafiti mmoja tu utapotoka.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa hospitali za maveterani, yaani askari wastaafu, wa Marekani. Wagonjwa 369 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine sindano ya risperidoni, wengine vidonge. Waliorudi kulazwa walikuwa asilimia 39 upande wa sindano na 45 upande wa vidonge, tofauti ndogo ambayo kwa hesabu za kitakwimu haihesabiki. Mwaka 2023 utafiti mwingine, uliofanyika katika nchi nyingi za Ulaya pamoja na Israeli, ulipima watu wanaendelea na matibabu kwa muda gani kabla ya kuyaacha. Sindano haikuvishinda vidonge.

Sasa geuka utazame Uswidi. Nchi ile ina rejista za kitaifa zinazoonyesha nani amechukua dawa gani na nani amelazwa lini. Watafiti walifuatilia watu 29,823 wenye skizofrenia kati ya 2006 na 2013. Mtu yuleyule alilinganishwa na nafsi yake: kipindi alichokuwa kwenye sindano dhidi ya kipindi alichokuwa kwenye vidonge vya dawa hiyohiyo. Hatari ya kulazwa tena ilikuwa pungufu kwa asilimia 20 hadi 30 kipindi cha sindano. Ufini nako, kwa watu waliolazwa kwa mara ya kwanza, picha ilikuwa ileile kwa ukali zaidi: wengi walikuwa wameachana na dawa waliyoanzishwa ndani ya miezi miwili tangu watoke hospitali, na sindano ilishusha sana uwezekano wa kurudi wodini.

Nani mkweli? Wote. Tafiti za aina ya kwanza huwachukua watu waliokubali kusaini fomu, wanaohudhuria, wanaopigiwa simu, wanaoulizwa kila ziara kama wanaendeleaje. Mgonjwa anayefuatiliwa hivyo hunywa hata vidonge vyake. Anayeacha dawa, asiyefungua mlango, hayumo kwenye utafiti huo. Rejista ya Uswidi haichagui, imewabeba wote. Kwa hiyo mimi huzisoma pamoja hivi: ukiwa na mtu wa kumfuatilia mgonjwa kwa karibu, sindano haitakuongezea mengi. Usipokuwa naye, sindano inaziba sehemu ya pengo.

Utafiti mmoja wa Marekani ulijaribu kukwepa mtego huo. Badala ya kugawanya wagonjwa, uligawanya kliniki zenyewe, 39 kwa jumla. Baadhi zilifundishwa namna ya kuieleza na kuitoa sindano ya aripiprazoli, nyingine ziliendelea kama kawaida. Wagonjwa walikuwa vijana, miaka 18 hadi 35, waliotibiwa kwa chini ya miaka mitano. Matokeo yalitoka 2020: waliotibiwa kwenye kliniki za sindano walichukua muda mrefu zaidi kabla ya kulazwa. Kilichonivutia mimi ni jambo la pembeni. Wafanyakazi walipofundishwa kueleza kwa utulivu, wagonjwa wengi walikubali angalau kujaribu. Ile imani kwamba vijana hawatakubali sindano ilikuwa zaidi vichwani mwa wahudumu.

Na Afrika? Cape Town kuna utafiti unaofaa kujulikana zaidi. Watu 207 waliougua kwa mara ya kwanza walipewa flupentiksoli dekanoeti, sindano ya zamani na ya bei nafuu, kwa dozi ndogo, pamoja na ufuatiliaji wa karibu. Karibu asilimia 72 walimaliza mwaka mzima. Hakukuwa na kundi la vidonge la kulinganisha, kwa hiyo hauthibitishi kwamba sindano ni bora, lakini unavunja hoja kwamba jambo hili ni la nchi tajiri tu. Dar es Salaam pia, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Cleveland, Marekani, walijaribu kuunganisha sindano ya muda mrefu na mazungumzo yanayolenga sababu za kila mgonjwa za kuacha dawa. Kukosa dozi kulipungua. Kundi lilikuwa dogo, na nalo halikuwa na wa kulinganishwa nalo.

Dawa ya zamani au mpya

Mkishaamua njia, swali linalofuata ni dawa ipi, na hapa wauzaji wana maneno mengi kuliko watafiti. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2005, wa watu 1,493, ulilinganisha dawa nne mpya na moja ya zamani, pefenazini. Ndani ya miezi 18, asilimia 74 ya wote walikuwa wameacha dawa waliyopangiwa. Olanzapini, moja ya zile mpya, ilivumiliwa muda mrefu zaidi, ila ilileta unene na kuvuruga sukari. Ile ya zamani haikuachwa nyuma sana na zile nyingine. Mwaka uliofuata Uingereza ikapata jibu linalofanana: aliyepewa dawa ya kizazi cha zamani hakuwa na maisha duni kuliko wa dawa mpya baada ya mwaka mmoja.

Kwa upande wa sindano kuna pambano la 2014 kati ya haloperidoli dekanoeti na paliperidoni, dawa mpya ambayo bei yake ni mara nyingi zaidi ya haloperidoli. Katika kuzuia ugonjwa kurudi zilitoka sare. Zilichotofautiana ni madhara: paliperidoni iliongeza uzito na homoni ya maziwa, haloperidoli ilileta zaidi hali ya kutotulia, miguu inataka kutembea hata mtu akiwa kitandani.

Basi chagua dhara unaloweza kuishi nalo. Fundi cherehani ambaye mkono ukitetemeka uzi haupiti kwenye tundu la sindano, hatadumu na haloperidoli ya dozi kubwa, na atakuwa na haki yake. Mwenye kisukari katika ukoo aiogope olanzapini kuliko kutetemeka. Msichana ambaye hedhi imekatika au maziwa yanatoka bila mimba aseme kliniki bila haya, kwani risperidoni, paliperidoni na hata haloperidoli zinaweza kufanya hivyo, na dawa hubadilishwa. Klopromazini inamfanya mtu aungue na jua haraka. Mvuvi na mkulima waambiwe hilo. Benzheksoli, ambayo wengi bado wanaiita Artane, si lazima iandikwe kwa kila mtu daima: ni ya mwenye kukakamaa au kutetemeka, nayo ina madhara yake, kuanzia choo kigumu hadi kusahausahau.

Klozapini ni habari tofauti. Ni ya aliyejaribu dawa mbili kwa dozi na muda wa kutosha bila nafuu. Inahitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara na haina sindano ya mwezi, kwa hiyo mjadala huu wote haumhusu anayeihitaji.

Hesabu ya nauli

Watu hudhani sindano inapunguza safari. Si lazima. Kama vidonge hutolewa vya mwezi mmoja, safari ni zilezile. Kama kliniki inakubali kutoa vya miezi miwili au mitatu, vidonge ni nafuu. Tena vidonge vinaweza kuchukuliwa na ndugu. Sindano inamtaka mgonjwa mwenyewe afike, na mara nyingi na wa kumsindikiza. Hiyo ni nauli ya watu wawili na siku mbili za kibarua zilizopotea.

Hesabu inageuka pale kituo cha afya cha jirani kinapoweza kumchoma. Ethiopia walilinganisha huduma inayotolewa na wahudumu wa kawaida wa vituo vya afya na ile ya kliniki inayoendeshwa na wauguzi wa akili, kwa watu wenye maradhi makali ya akili. Matokeo ya 2022 yalionyesha kwamba vituo vya kawaida, wahudumu wakifundishwa na kusimamiwa, havikuwa vibaya kuliko kliniki maalumu. Kwa hiyo usione haya kumwomba daktari barua ya kukuelekeza kituo cha karibu, dozi na tarehe zikiwa zimeandikwa humo. Kabla ya hapo muulize mganga mkuu wa kituo maswali mawili: sindano hii mnayo kila mwezi, na ikikosekana mnafanyaje? Akisita kujibu la kwanza, bakini na vidonge.

Waingereza walikwenda mbali zaidi, wakawalipa wagonjwa pauni 15 kwa kila sindano waliyohudhuria. Mahudhurio yalipanda kutoka asilimia 69 hadi 85, huku kundi lisilolipwa likipanda kidogo tu. Kulikuwa na mabishano ya maadili, na yana msingi. Ila kwa huku kwetu, kurudishiwa nauli si hongo.

Kile ambacho dawa haifanyi

Tangu miaka ya 1950 na 1960 watafiti wa London waliona kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama na kusimangwa hurudiwa na ugonjwa haraka kuliko anayerudi kwenye nyumba tulivu. Mafunzo kwa familia, yale ya kukaa pamoja na kujifunza dalili za mwanzo na namna ya kusemeshana, hupunguza kurudi kwa ugonjwa, awe kwenye vidonge au sindano. Tanzania mpango wa aina hiyo uitwao KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, umejaribiwa Dar es Salaam na Mbeya, mgonjwa akija na ndugu yake. Kama kliniki yenu ina kikundi cha namna hiyo, nendeni.

Kuhusu maombi na waganga, sitawaambia mwache. Ghana na Nijeria utafiti wa watu 307 uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba pale mganga au mchungaji alipokubali kushirikiana na mhudumu wa afya, wagonjwa walipata nafuu zaidi. Kwenye kambi moja ya maombi ya Ghana dawa zilipelekwa hukohuko na dalili zikapungua, ila siku za kufungwa minyororo hazikupungua. Anayewapokea akisema dawa isimamishwe, au akaleta mnyororo wa kumfunga mgonjwa, mmekwenda pabaya.

Kuhama na kuacha

Anayehama kutoka vidonge kwenda sindano haachi vidonge siku hiyo. Dawa ya msulini hujijenga taratibu. Haloperidoli dekanoeti huchukua takribani miezi mitatu kufikia kiwango chake. Kwa hiyo wiki za mwanzo hutumia vyote viwili, vidonge vikipunguzwa kwa maelekezo ya kliniki. Wengi huacha vidonge siku ya sindano ya kwanza, wakaumwa mwezi wa kwanza, wakasema sindano haifai. Katika kipindi hicho chote, homa kali pamoja na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa ni dharura: hospitali usiku huohuo, na mwambieni daktari ni sindano gani na ilichomwa lini.

Anayeacha sindano naye hudanganyika kwa upande wa pili. Mwezi unapita yuko salama, wa pili pia, familia inaona amepona. Lakini dawa bado inatoka msulini. Ugonjwa ukirudi mwezi wa nne au wa tano, hakuna anayeuhusisha na sindano iliyokosekana. Utasikia ni mawazo, ni bangi, ni mtu kamchezea. Ukiwa unataka kumrudisha kwenye vidonge, mwombe daktari avianze kabla sindano ya mwisho haijaisha nguvu, na uendelee kuandika kwenye daftari usingizi wake, chakula chake na maneno yake kwa nusu mwaka baada ya hapo.